Bratwurst kwenye Kikaangio cha Hewa: Joto, Dakika na Ngozi Inayopasuka

Watazamaji wangu, karibuni. Mbele yangu kuna kikaangio cha hewa chenye kikapu cha lita 4 na nguvu ya wati 1,500, ambacho nimekitumia jikoni kwangu kwa miezi minne sasa, na pembeni yake kuna sahani yenye bratwurst nne mbichi, yaani soseji za Kijerumani. Swali ninaloulizwa mara kwa mara kuhusu chombo hiki ni kama kinaweza kuivisha soseji nene ya nyama mbichi hadi kiini chake bila kuikausha wala kuipasua. Jibu langu ni kwamba kinaweza, tena vizuri kuliko nilivyotarajia, ila si kwa kufuata kile kitufe chenye picha ya nyama ambacho watengenezaji wamekiweka hapa mbele. Kitufe hicho ndicho kilichoniharibia soseji za kwanza, na sehemu kubwa ya uchambuzi huu nitaitumia kueleza kwa nini.

Naanza na soseji yenyewe, kwa sababu umbile lake ndilo linaloamua namna ya kuipika. Bratwurst ni chakula cha Wajerumani cha tangu zamani sana: katika mji wa Arnstadt, jimboni Thuringia, kuna hati ya mwaka 1404 inayotaja malipo ya utumbo wa kutengenezea soseji hizi. Watu wengi hudhani kwamba sehemu ya kwanza ya jina hilo inatokana na kitenzi cha Kijerumani cha kuchoma au kukaanga, ilhali asili yake ni neno la kale lenye maana ya nyama iliyokatwakatwa, yaani ule mchanganyiko unaojazwa ndani ya utumbo. Hulikumbuka jambo hilo kila ninapopika, kwa kuwa linanifanya nifikirie kilicho ndani ya soseji kabla ya rangi ya ngozi yake. Ndani humo mna nyama ya nguruwe, mara nyingine ikiwa imechanganywa na ya ndama au ya ng'ombe, mna mafuta mengi, chumvi na pilipili manga, na kulingana na eneo mna viungo kama kungumanga, kisibiti au majani ya majoramu. Bratwurst ya Nürnberg ni nyembamba kama kidole, ina urefu wa sentimita 7 hadi 9 na uzito wa gramu 20 hadi 25, wakati ile ya Thuringia hufikia urefu wa sentimita 15 hadi 20. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba bratwurst huiva kwa dakika 12, muulize kwanza ni bratwurst ipi. Hizi zangu ni nene, kila moja ina gramu 100 hivi na kipenyo cha karibu sentimita 3, na dakika zote nitakazozitaja zinazihusu soseji za ukubwa huu.

Sasa tukitazame chombo. Kikaangio cha hewa, licha ya jina lake, hakikaangi chochote. Ni oveni ndogo yenye feni kali. Kampuni ya Philips walipokizindua cha kwao katika IFA, maonyesho ya vifaa vya elektroniki mjini Berlin, mwaka 2010, teknolojia ya kupika kwa hewa moto inayozungushwa na feni ilikuwa imekwisha kujulikana katika oveni kubwa kwa miaka mingi, na kilichobadilika ni kwamba nafasi ilifanywa kuwa finyu kiasi cha hewa hiyo kukipiga chakula kwa nguvu kutoka kila upande. Nikikigeuza hivi na kuisogeza kamera, mtaona juu ya mahali pa kikapu pana koili ya kutoa joto na nyuma yake pana feni. Hewa ikishapashwa moto husukumwa chini, hupita kwenye matundu ya wavu, hugonga sakafu ya droo na kurudi juu. Njiani huondoa unyevu ulio juu ya ngozi ya soseji, na hilo ni jambo kubwa, maana kitu kilicholowa hakipandi sana juu ya nyuzi joto 100 za Selsiasi, ilhali ile rangi ya hudhurungi na harufu ya nyama choma tunayoipenda huanza kujitokeza vizuri ngozi inapofika nyuzi 140 hivi. Ndiyo sababu soseji hupata rangi humu bila hata tone moja la mafuta ya kupikia.

Lakini nguvu hiyohiyo ndiyo udhaifu wake. Nilipozipika bratwurst za kwanza nilikibonyeza kitufe cha nyama, mashine ikajipangia nyuzi 200 kwa dakika 15, nami nikaiamini. Dakika ya saba nilisikia mlio mdogo mkavu, kama wa kijiti kinachovunjika, kisha ukafuata mwingine. Nilipoivuta droo, soseji mbili kati ya nne zilikuwa zimechanika kwa urefu kuanzia kichwani karibu hadi mkiani, nyama imefura na kuchomoza nje, na chini ya wavu palikuwa na kidimbwi cha mafuta ya njano. Nilipozila zilikuwa na ladha nzuri ya juu, lakini ndani zilikuwa zimekauka na kuchambuka punjepunje kama nyama ya kusaga iliyosahaulika jikoni.

Sababu yake inaeleweka. Ngozi ya soseji, iwe ya utumbo halisi au ya kolajeni (protini ya ngozi za wanyama) iliyotengenezwa kiwandani, husinyaa na kukakamaa inapopata joto kali na upepo mkavu kwa pamoja. Wakati huohuo nyama iliyo chini yake inatanuka, maji yanageuka mvuke na mafuta yanayeyuka. Ngozi inabana, nyama inasukuma, na hatimaye kimoja lazima kishindwe. Wapo wanaoshauri kuitoboa soseji kwa uma ili mvuke upate pa kutokea. Nimejaribu, na siungi mkono ushauri huo hata kidogo, kwa kuwa kila tundu ni mfereji ambao utapitisha mafuta na majimaji kwa dakika zote za mapishi. Soseji haikupasuka, ni kweli, lakini iliingia mezani ikiwa kavu na imepungua ukubwa waziwazi. Tusiitoboe soseji ili kuificha kasoro ya joto tuliloliweka sisi wenyewe.

Njia ambayo sasa ninaitumia kila mara ni ya hatua mbili, na nitaifanya hapa mbele yenu. Kwanza ninazitoa soseji kwenye friji na kuzifuta kwa karatasi ya jikoni hadi ngozi iwe kavu. Halafu ninakiwasha kikaangio kikiwa kitupu kwa dakika tatu, ninazipanga soseji zikiwa na nafasi ya upana wa kidole kati yake, na ninaweka nyuzi 160 kwa dakika 10, nikizigeuza baada ya dakika ya tano. Tazameni zilivyo sasa, dakika 10 zikiwa zimetimia: rangi ni ya kijivu iliyopauka, hazivutii hata kidogo, lakini ngozi ni nzima na ukizibana kwa koleo unahisi kwamba zimekaza kiasi, si tepetepe kama zilivyoingia. Joto limesafiri polepole hadi katikati, na nyama imeanza kushikamana kabla ngozi haijakakamaa. Sasa ninapandisha hadi nyuzi 200 kwa dakika tatu au nne tu, na hapa sitoki jikoni, kwa sababu kutoka rangi ya dhahabu hadi rangi ya kuungua ni suala la dakika moja. Ukiwa mtu wa haraka na hutaki kubadilisha joto katikati, weka nyuzi 180 kwa dakika 13 hadi 15 na ugeuze mara moja. Nimezipata soseji nzuri kwa njia hiyo pia, ingawa mara moja moja mojawapo hupasuka nchani.

Mtaona kwamba ninazitaja dakika kwa tahadhari, na hiyo ni kwa sababu saa haiwezi kutuambia kama nyama imeiva. Rangi nayo haiwezi. Nyama ya kusaga inaweza kugeuka kijivu kabla ya kufikia joto salama, na inaweza pia kubaki na wekundu kidogo ilhali imeiva kabisa. Jambo hili nalisema kwa msisitizo wote nilio nao, maana katika nyama iliyosagwa vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama huwa vimechanganywa hadi ndani, kwa hiyo kuchoma nje pekee hakutoshi kama inavyoweza kutosha kwa pande zima la nyama. Wizara ya Kilimo ya Marekani inaelekeza nyuzi 71 katikati ya soseji ya nguruwe, ng'ombe au ndama, na nyuzi 74 kwa soseji ya kuku au bata mzinga. Kipimajoto cha jikoni ninakiingiza kutokea nchani, nikifuata urefu wa soseji hadi ncha ya kipimajoto ifike katikati, kwa kuwa ukikichoma ubavuni ni rahisi kupitiliza na kupima hewa ya upande wa pili, na juu ya hapo unatoboa ngozi mahali pabaya. Nasoma hapa nyuzi 73 kwa hii ya katikati ya kikapu. Hii ya pembeni, iliyokaa mbali na feni, inasoma nyuzi 70, kwa hiyo inarudi ndani kwa dakika moja zaidi. Kumbe hata katika kikapu kidogo namna hii joto halilingani, na ndiyo maana soseji ni vyema zibadilishane nafasi wakati wa kuzigeuza.

Soma pia maandishi ya pakiti kabla ya yote. Bratwurst nyingi huuzwa zikiwa zimeshachemshwa kiwandani, na kwenye pakiti za Ujerumani neno la kulitafuta ni gebrüht, wakati mbichi huandikwa roh. Ile iliyokwisha kuchemshwa inahitaji kupashwa moto na kupata rangi tu, kwa hiyo dakika nane kwa nyuzi 180 zinaitosha. Ukiipa muda wa soseji mbichi utaikausha bila sababu.

Kuna suala la moshi, ambalo kwa chombo hiki ni kero ya kweli. Bratwurst hutoa mafuta mengi, mafuta hayo hudondokea kwenye sakafu ya droo yenye moto, na katika nyuzi 200 huanza kufuka. Dawa niliyoiona inafaa ni kumimina vijiko vitatu vya maji chini ya wavu kabla ya kuwasha, baada ya kuhakikisha kwamba kijitabu cha maelekezo hakikatazi. Maji hupoza mafuta yanapodondoka, na katika hatua ile ya nyuzi 160 hayaonekani kuizuia ngozi kukauka. Karatasi ya kuokea siitumii kwa soseji, kwa kuwa inaziba matundu ambayo hewa inapitia, upande wa chini unabaki mweupe na laini, na ukiiweka wakati wa kupasha kikapu kitupu feni inaweza kuinyanyua hadi ikaigusa koili na kuungua.

Je, kinashinda kikaango cha kawaida au jiko la mkaa? Kwa ladha, mkaa hauna mpinzani, maana moshi wa mafuta yanayodondokea kwenye makaa ni kiungo chenyewe, na humu hakuna kitu kama hicho. Kwa kikaango cha chuma nasita kidogo. Kikaango hutoa rangi nzito zaidi pale soseji inapogusa chuma, lakini soseji ni ya mviringo, hivyo utasimama hapo ukiizungusha kwa robo saa na bado itakuwa na mistari iliyopauka. Kikaangio cha hewa kinaipa rangi iliyoenea pande zote, jiko halirukiwi na mafuta, na unapata nafasi ya kukata vitunguu na kuandaa haradali huku soseji zikiiva. Kwa mtu anayepika soseji nne au tano, mimi nakipendekeza bila kusita. Kwa familia ya watu wanane kikapu cha lita 4 hakitoshi, na kuzirundika soseji moja juu ya nyingine kutakupa mvuke badala ya rangi.

Sasa ninaikata hii moja baada ya kuiacha itulie kwa dakika tatu. Sikilizeni ngozi inavyokatika chini ya kisu. Majimaji yanachuruzika kidogo ubaoni na ni maangavu, nyama imeshikamana, na vipande vya mafuta bado vinaonekana mahali pake, havikuyeyuka na kuacha mashimo.

Kasoro ya mwisho nimeiona wakati wa kuosha. Wavu huu una miguu minne midogo ya silikoni inayouzuia usikwaruze rangi ya droo, na miguu hiyo inalegea mafuta yakiingia chini yake. Wiki mbili zilizopita niliukuta mmoja umebandukana ukiwa umelala katikati ya soseji, umetota mafuta na umefanana kabisa na kipande cha kitunguu kilichoungua. Tangu siku hiyo ninauosha wavu kwa maji ya moto na sabuni mara tu droo inapopoa, ninaukausha, na kabla ya kuurudisha ninaigusa miguu yote minne kwa kidole, mmoja baada ya mwingine.