Sayana Press: tathmini ya sindano ya uzazi wa mpango inayobebwa na kudungwa kwa kifaa kimoja

Sindano ya miezi 3 ni njia ya uzazi wa mpango iliyozoeleka sana Afrika Mashariki, na wengi huiita Depo hata pale ambapo kichupa kina jina jingine. Kwa umbo lake la kawaida, inahitaji kichupa chenye mililita 1 ya dawa, bomba la sindano, na mhudumu aliyefundishwa kuivuta dawa hiyo na kuidunga kwenye msuli wa bega au wa tako. Sayana Press, inayotengenezwa na kampuni ya Pfizer, ina homoni ileile, lakini kichupa na bomba havipo tena. Dawa imewekwa tangu kiwandani ndani ya kifuko kidogo cha plastiki laini kilichounganishwa na sindano fupi, na kifuko hicho kinapobinywa, dawa huingia mwilini. Ninakitathmini kama kifaa zaidi kuliko kama dawa, kwa sababu homoni yenyewe imejulikana kwa miongo mingi, ilhali jambo jipya, pamoja na karibu kasoro zote ninazoziona, limo katika namna ilivyofungashwa na inavyotumika.

Kifaa kinachobeba dawa hiyo kinaitwa Uniject. Kilibuniwa na shirika la PATH lenye makao yake Seattle, Marekani, kwa msaada wa fedha za USAID, na mwaka 1996 kampuni ya Becton Dickinson ilipewa leseni ya kukitengeneza. Waliokibuni walikuwa na wasiwasi juu ya mabomba ya sindano yaliyokuwa yakitumika mara ya pili na ya tatu katika nchi zenye upungufu wa vifaa, na kwa hiyo waliweka vali kati ya kifuko na sindano ambayo huruhusu dawa kutoka bila kuruhusu kitu kingine kurudi ndani. Baada ya kubinywa mara moja, kifaa hakiwezi kujazwa tena hata na mtu mwenye nia ya kufanya hivyo. Nchini Indonesia wakunga wa vijijini walikitumia kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini aina ya B majumbani, na katika miaka ya 1990 watafiti wa Campinas nchini Brazili waliwafundisha wanawake kujidunga wenyewe kwa kifaa hichohicho sindano ya uzazi wa mpango ya kila mwezi. Wazo la mwanamke kujidunga, kwa hiyo, lilikuwapo muda mrefu kabla Sayana Press haijafika katika zahanati zetu.

Kilichokamilisha wazo hilo ni kubadilishwa kwa dozi. Sindano ya msuli hubeba miligramu 150 katika mililita 1, ilhali Sayana Press hubeba miligramu 104 katika mililita 0.65, kiasi kinachotosha kwa miezi 3 kikiwekwa katika mafuta yaliyo chini ya ngozi. Kwa kuwa hakuna haja ya kuufikia msuli, sindano yake ina urefu wa milimita 9.5 tu. Faida ya ufupi huo haiishii kwenye kupunguza hofu. Hakuna mwanamke anayeweza kujidunga takoni kwa uhakika, lakini kila mmoja anaweza kuliona tumbo lake na sehemu ya mbele ya paja lake, na hapo ndipo sindano hii inapodungwa. Mabadiliko ya miligramu na milimita yameihamisha sehemu ya kudungwa kutoka mahali ambapo mhudumu peke yake huifikia hadi mahali ambapo macho na mikono ya mtumiaji mwenyewe hufika. Katika kifaa chote, hili ndilo ninalolithamini zaidi.

Matumizi yake ni rahisi kuyaeleza, ingawa yana hatua moja inayohitaji uangalifu mkubwa. Mtumiaji hufungua pakiti ya foili, hukishika kifaa kwenye shingo yake ngumu iliyo kati ya kifuko na sindano, kisha hukitikisa kwa nguvu kwa takriban sekunde 30 ili dawa iliyotuama ichanganyike. Ndipo husukuma kifuniko cha sindano kuelekea shingoni mpaka nafasi ndogo iliyo kati yao izibike kabisa. Ni msukumo huo unaofungua njia ya dawa. Baada ya hapo hukivuta kifuniko na kukitoa, hubana ngozi, huchoma kwa mshazari huku sindano ikielekea chini, kisha hukibinya kifuko polepole kwa sekunde 5 hadi 7. Baada ya kuchomoa sindano, sehemu iliyochomwa haisuguliwi.

Hatua ya kukisukuma kifuniko ndiyo udhaifu mkubwa wa usanifu huu. Katika maisha ya kila siku, kifuniko ni kitu cha kuvutwa, na mkono wa mtu anayekiona kifaa hiki kwa mara ya kwanza huenda huko moja kwa moja. Akivuta kabla ya kusukuma, njia ya dawa haijafunguka, na hata akikibinya kifuko baada ya kujichoma, dawa haitatoka. Alama pekee ya kumwonyesha kwamba amefaulu ni ile nafasi ndogo kutoweka, jambo ambalo mwenye macho hafifu, au aliye katika chumba chenye mwanga mdogo, anaweza kulikosa. Ningependa kuona rangi angavu kwenye shingo, inayofunikwa kabisa pale kifuniko kinapofika mwisho, ili jicho lipate jibu la wazi la ndiyo au hapana. Shingo ngumu, kwa upande mwingine, imefikiriwa vizuri, kwa sababu vidole vina mahali pa kushika bila kukigusa kifuko na kuimwaga dawa kabla ya wakati wake.

Lipo pia jambo la kiputo cha hewa kilichomo ndani ya kifuko, ambacho huwatia wasiwasi watu waliozoea kumwona muuguzi akiitoa hewa yote kwenye bomba kabla ya kudunga. Hapa hewa haitolewi. Sindano ikielekezwa chini, kiputo hupanda juu na kuisukuma dawa itoke, na michirizi michache inayobaki kwenye plastiki haimaanishi kwamba dozi imepungua. Maelezo haya yanapaswa kutolewa kwa maneno kabla ya mtu kujidunga mara ya kwanza, kwa kuwa hofu ya hewa ni ya kweli na picha za kwenye karatasi ya maelekezo haziiondoi. Katika mafunzo, wanawake hufanyishwa mazoezi kwanza kwenye kondomu iliyojazwa chumvi, ambayo hubanika na kuchomeka kwa namna inayokaribiana na ngozi. Mazoezi ya aina hiyo yana thamani kubwa kuliko kijitabu chochote kinachoambatana na bidhaa.

Swali la kama wanawake wanaweza kweli kuyatekeleza haya yote nyumbani limekwisha kujibiwa na tafiti. Katika wilaya ya Mangochi nchini Malawi, wanawake 731 waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakijidunga na wengine wakidungwa na wahudumu. Baada ya miezi 12, asilimia 73 ya waliojidunga walikuwa wakiendelea, ikilinganishwa na asilimia 45 ya waliodungwa. Kwangu tofauti hiyo haishangazi. Mwanamke anayedungwa hulazimika kila baada ya miezi 3 kupata nauli, kuacha shamba au biashara, na kupanga foleni, pengine akaambiwa kwamba dawa zimekwisha. Aliyepewa vifaa vya mwaka mzima mara moja anavyo vyote kabatini. Uganda, iliyokuwa pamoja na Burkina Faso, Niger na Senegal katika kundi la nchi za kwanza kuijaribu Sayana Press kuanzia mwaka 2014, iliingia mapema katika kuwafundisha wanawake kujidunga, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kujidunga kuwe miongoni mwa njia za kuitoa huduma hii. Bei nayo ilishughulikiwa kwa makubaliano yaliyowahusisha Pfizer, Wakfu wa Bill na Melinda Gates na wafadhili wengine, hadi ikafikia dola 0.85 za Marekani kwa dozi mwaka 2017, kwa wanunuzi wa umma wa nchi maskini.

Ukubwa wake unastahili neno. Kifaa kizima hufichika kiganjani, hakihitaji jokofu, na hudumu miaka 3 tangu kutengenezwa. Kwa bohari ya wilaya hiyo ni nafuu ya nafasi. Kwa mwanamke ambaye mumewe au mama mkwe wake anaipinga njia yoyote ya uzazi wa mpango, ni usiri ambao kadi ya kliniki na safari ya kila miezi 3 haviwezi kumpa.

Usiri huohuo hugeuka tatizo mara tu dawa inapokwisha. Uniject huzuia sindano kutumika tena, lakini haimlindi mtu asichomwe nayo. Sindano hairudi ndani, na kifuniko hakipaswi kurudishwa, kwa hiyo kinachobaki mkononi ni ncha kali iliyo wazi katika nyumba ambamo huenda mna watoto. Maelekezo ni kuitia katika chombo kigumu chenye mfuniko, mfano wa kopo lisilotoboka, na kukirudisha kwa mhudumu wa afya. Chombo hicho hakimo katika pakiti, na mwanamke anayemficha mumewe dozi moja sasa anatakiwa kulificha kopo lenye sindano kwa miezi. Naona si haki kumwachia mtumiaji mzigo huu. Programu yoyote inayogawa vifaa hivi bila kugawa chombo cha kutupia imetoa nusu ya huduma, na toleo lijalo la kifaa linapaswa kuwa na sindano inayojifunika.

Kuhusu dawa yenyewe nitasema machache. Hedhi inaweza kubadilika, kuja kwa matone au kukoma kabisa. Baada ya kuacha, ujauzito unaweza kuchelewa kwa miezi kadhaa. Mahali palipochomwa panaweza kubaki kishimo kidogo. Ikishaingia mwilini haitoki, tofauti na kipandikizi ambacho mhudumu anaweza kukiondoa. Haizuii Virusi vya UKIMWI wala magonjwa mengine ya zinaa, hivyo kondomu inabaki na kazi yake.

Lililobaki ni tarehe. Pakiti ya foili hutupwa siku ileile, kwa hiyo tarehe ya sindano ijayo lazima iandikwe mahali pengine, iwe kwenye kalenda, kwenye simu, au kwenye kadi isiyo na maneno ya kumfichua mwenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu dozi inayofuata kuchelewa hadi wiki 4 bila kuhitaji kinga ya ziada, na muda huo wa neema unastahili kuelezwa kwa kila anayeondoka zahanati na dozi za kujidungia, ili aliyepitiwa na siku asikate tamaa akaacha kabisa.