Kashikwa mkono, filamu ikaisha

Nimeitazama juzi usiku na mama mdogo. Shoga zangu walikuwa wakiisifu wiki nzima: filamu ya mapenzi, ya kuchekesha, tena imepigwa hapa hapa Unguja. Tukakaanga bajia, tukakaa mkao wa kula. Tulicheka mara mbili tu.

Msichana kapewa talaka moja, karudi kwao Mji Mkongwe, na kila kichochoro anachopita anakutana na mtalaka wake. Wazo zuri, maana mji wenyewe mdogo, ukiachwa utamkwepa mtu wapi? Lakini wanakutana Darajani, wananuna. Wanakutana harusini, wananuna tena.

Kilichoniudhi hasa ni mwisho. Binti mwenyewe kasema kwa kinywa chake kuwa ana mwaka na ushei tangu aachwe. Halafu jamaa anamfuata Forodhani, anamshika mkono mbele ya wauza mishkaki, anamwambia "twende nyumbani," naye huyo anakwenda! Muziki, jua linazama, basi.

Nyumbani kwa nani? Talaka moja, mume humrejea mkewe ndani ya eda, ule muda wa kungoja baada ya kuachwa. Eda ikishatoka ni nikaha mpya, kwa mahari mapya, walii na mashahidi. Mtoto wa chuoni analijua hilo. Hawakupata hata bibi mmoja wa kumuuliza?

Na kicheko chote kilikuwa hapo! Dada yangu aliolewa tena na mume wake wa kwanza, miaka ya nyuma. Siku ya posa ya pili ami alimkazia macho bwana harusi pale barazani, akamuuliza, "Wewe mtoto wa nani, na umetokea wapi?" Na anamjua tangu anaota meno. Sisi tuko nyuma ya pazia, tumejiziba midomo kwa kanga. Filamu nzima haina kitu kama hicho.

Haki yake lakini niitoe. Siku binti anarudi na sanduku, mama yake yuko uani juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hanyanyui kichwa. Anamsogezea sahani, "Kula kwanza," kisha anaendelea kukuna, na kifuu kimeshakwisha nyama zamani, anakwaruza kitupu. Mama mdogo alijifuta machozi. Na mimi pia. Kwa ajili ya pale tu nilitaka kusema itazameni, pesa yenu haitapotea bure.

Ila kila nikimkumbuka mama yule ndio hasira zinanipanda upya. Baada ya pale hakuonyeshwa tena. Binti kaondoka na mwanamme usiku, hakurudi kuchukua hata kanga zake, na mama hakuagwa. La, msiitazame. Au itazameni mpaka pale kwenye nazi, halafu zimeni.