Klachi za magari ya kale: ngozi au asbesto?

Klachi ni kifaa kinachounganisha na kutenganisha injini na giaboksi. Klachi ya koni (yenye umbo la koni) ya mwanzoni mwa miaka ya 1900 ilivikwa ngozi iliyofungwa kwa riveti za shaba. Ngozi iliyolainishwa kwa mafuta ya kwato za ng'ombe hushika taratibu. Ikikauka, hunasa ghafla na gari huruka. Mafuta ya injini yakiifikia, huteleza, na ikitelezeshwa sana mlimani huungua na kuwa ngumu kama kigae. Vichwa vya riveti vizame ndani ya ngozi, la sivyo vitakwaruza flaiwili, gurudumu zito la injini ambalo klachi hulishika.

Nchini Uingereza, Herbert Frood wa kampuni ya Ferodo alianza kutumia asbesto, madini ya nyuzi yasiyoungua, mwaka 1908. Bitana (tabaka la kushikia) ya asbesto iliyofumwa kwa waya ilistahimili joto linalounguza ngozi. Kikazi inashinda wazi, ila vumbi lake huharibu mapafu: bitana kuukuu usiisugue wala kuipuliza.