Niliazima riwaya za zamani kwenye maktaba ya umma kabla ya safari ya Ukerewe, haya ndo niliyoyakuta

Nianze kwa kusema maktaba yenyewe sitaitaja jina. Ni ya umma na iko hapa Dar, ila mama aliyenihudumia alinifungulia stoo ambayo nadhani hakutakiwa kunifungulia, sasa sitaki mtu aende akamuulize.

Iko hivi, binamu yangu alikuwa anaoa Ukerewe na mimi nilikuwa na likizo ya wiki tatu, kutoka Dar mpaka Mwanza kwa basi halafu meli ya kwenda Nansio, na kule kwa mjomba mtandao unapatikana ukisimama karibu na mwembe ukielekeza simu ziwani. Kwahiyo nikasema safari hii naenda na vitabu, na siyo vitabu vyovyote, nataka zile riwaya ambazo nimezitafuta miaka na miaka. Wauza vitabu vya mitumba pale Posta wananijua kwa sura, nikitokea tu wanatingisha kichwa kabla sijauliza. Kuna jamaa aliwahi kunitumia Wasapu picha za kurasa, zimepinda na kidole gumba chake kimeziba mistari mitatu ya chini kila ukurasa, nikakata tamaa.

Nilikuwa nataka Bwana Msa. Wale wa rika langu walihadithiwa tu na wazazi, mpelelezi wa Zanzibar na kiko chake mdomoni, hana haraka, anakuacha unahangaika. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya yake ya kwanza, ilitoka 1960 baada ya kushinda mashindano ya shirika la uchapishaji la East African Literature Bureau, na hapo ndipo penye tatizo, maana lile shirika lilikuwa la Afrika Mashariki nzima na Jumuiya ilipovunjika 1977 nalo likaenda. Vitabu vyake vingi vikabaki yatima. Nakala nyingi zilizopo ni zile zile za zamani, na za zamani ziko wapi? Kwa mtu aliyekataa kutupa, au maktaba.

Uanachama siyo mgumu ila unachosha. Fomu, picha mbili za pasipoti, mdhamini, muhuri wa serikali ya mtaa. Mimi mara ya kwanza nilirudishwa kwasababu muhuri ulikuwa umegongwa juu ya saini badala ya pembeni, sijui inawasaidia nini lakini nilirudi mtaani na jua lile la saa saba. Ada ya mwaka mzima haifiki bei ya riwaya moja mpya, hapo sina neno.

Sasa ujanja wa kutafuta, na hii naomba mnisikilize vizuri. Kompyuta ya pale inajua vitabu vipya tu. Vya zamani viko kwenye kabati la kadi, zile droo ndogo ndogo za mbao. Nikaenda droo ya A nikatafuta Abdulla, maana mwandishi ni Muhammed Said Abdulla, hamna. Nikajua basi tena. Kumbe nusu ya vitabu vyake vimeandikwa chini ya S, Said, na kadi moja iko kwenye M na imeandikwa Mohamed kwa o. Unajua huu utaratibu wa kuanza na jina la mwisho umetengenezwa kwa watu wenye majina ya ukoo, sisi jina la mwisho ni la babu, leo unaliandika kesho unaliacha. Kwahiyo ukienda fungua droo zote tatu, na jaribu kila namna ya kuandika jina. Nilipoteza lisaa lizima hapo lakini nilitoka na namba tano kwenye kikaratasi, za vitabu vyake na vya waandishi wengine.

Kwenye rafu nikakuta kimoja tu kati ya vitano. Kadi inasema kipo, rafu inasema hakipo, na taa ya upande ule haiwaki kwahiyo nilikuwa natumia tochi ya simu kama mwizi. Nikaenda kaunta nikamwambia yule mama, shikamoo mama, hivi vitabu viko wapi? Marahaba mwanangu, akachukua kikaratasi akakisoma taratibu, akacheka. "Nani kakutuma hivi?" Nikamwambia hakuna aliyenituma. Akanitazama tena, akachukua funguo.

Stoo yenyewe ni maboksi, vumbi, na harufu ile ya karatasi iliyoloana ikakauka ikaloana tena. Mama hakupekua, alienda moja kwa moja boksi la tatu. Akatoa Kisima cha Giningi cha 1968, cha Bwana Msa pia, kimefunikwa kaki kama daftari la shule. Akatoa Simu ya Kifo, riwaya ya upelelezi ya Faraji Katalambulla. Gamba la Nyoka cha Kezilahabi ndo kile nilichokipata kwenye rafu. Mzimu wa Watu wa Kale hakikuwepo, akasema kilichukuliwa na hakikurudi, na akasema kwa sauti ya mtu anayemkumbuka aliyechukua.

Fungua ukurasa wa mwisho wa Kisima, kuna ile karatasi ya mihuri. Mihuri ya miaka ya themanini imebanana mpaka inapandana, kila wiki mbili mtu mwingine, halafu inaanza kupungua, halafu muhuri mmoja peke yake wa Mei 1993, halafu weupe. Nikasimama pale nikiiangalia mpaka mama akaniuliza kama nachukua au sichukui.

Vitatu ndo mwisho, na ni wiki mbili. Nikamwambia naenda wiki tatu, je naweza kupiga simu kuongeza muda? Hapana, kuongeza muda lazima uje na kitabu chenyewe. Nikamwambia mama kitabu kitakuwa Ukerewe. Akasema basi utakuja na faini. Hilo kwa kweli warekebishe, mtu anaazima kitabu ili asafiri nacho.

Kwenye basi sikusoma kitu, muvi za kubwatuka kuanzia Morogoro mpaka tumeipita Singida. Kwenye meli ndo nikafungua Simu ya Kifo, na hapa nina ujumbe kwa msomaji mwenzangu wa zamani mwenye biro ya bluu. Ukurasa wa thelathini na kitu, jina la mtu limezungushiwa duara na pembeni imeandikwa "huyu ndo mwenyewe". Jamani! Nikasoma kitabu kizima namkodolea macho huyo mtu, kila anachofanya naona ushahidi, kumbe siye. Alinidanganya. Sijui aliandika kabla hajamaliza akaona aibu kufuta au alikusudia, ila kama bado yupo hai namwambia alifanikiwa.

Kisima kimekosa karatasi mbili katikati, zimechanwa vizuri kabisa kwa rula. Unaweza kuvumilia, ila ningependa kuambiwa kaunta.

Gamba la Nyoka sasa. Kezilahabi alikuwa mtu wa Namagondo, huko huko Ukerewe, na kitabu ni cha 1979 kuhusu vijiji vya ujamaa. Nilikosea nikakiacha mezani kwa mjomba. Mjomba alikuwa kijana wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa kwenye vijiji hivyo, akakichukua "nikiangalie kidogo", na tangu hapo sikukiona. Anasoma asubuhi kwenye kigoda, miwani imefungwa uzi upande mmoja, akifika mahali anaguna, anamwita mke wake, anamsomea kwa sauti, wanabishana kama nyumba zilibomolewa kabla ya mvua au baada. Siku ya harusi yenyewe alikuwa nacho kwenye mfuko wa koti. Nilipomwambia mjomba mimi naondoka kesho naomba kitabu cha watu, akasema, "Mjomba, zimebaki kurasa arobaini, wewe una haraka gani?" Nikasogeza tiketi siku mbili.

Kwahiyo nilirudisha nikiwa nimechelewa siku tisa. Faini ni hela ya soda kwa vitabu vyote vitatu, mama akahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani kwa kidole, akaandika risiti. Nikamwambia kuhusu karatasi mbili zilizochanwa, akasema anajua. Nikamwambia kuhusu biro, hilo hakujua, akatafuta ule ukurasa akausoma akiwa amesimama, akaniuliza, "Na kweli ndo mwenyewe?" Sikumwambia, nikamwambia aazime.

Nyota nne. Ya tano naishika mpaka waweke taa kwenye zile rafu za nyuma na waruhusu kuongeza muda kwa simu. Na kama unaenda kuulizia Duniani Kuna Watu, riwaya nyingine ya Bwana Msa, usihangaike, niko nacho mimi mpaka Ijumaa ijayo.