Mitaa 36 ya Hanoi kwa macho ya muuza duka wa Gerezani

Nianze na pesa, maana najua ndiyo mtakayouliza kwanza. Matembezi ya miguu ya saa tatu katika mji mkongwe wa Hanoi, wageni sita na kijana mmoja wa kututembeza, nililipa dola 15. Viza niliomba mtandaoni, dola 25, ikatoka bila kupanga foleni popote. Hesabu ya dong, pesa ya Vietnam, nayo ni nyepesi kwa Mtanzania: toa sifuri moja, kinachobaki kilikuwa karibu sawa na shilingi zetu. Kahawa ya dong 35,000 ilikuwa kama shilingi 3,500. Ukishaizoea hiyo, noti zenye sifuri tano hazikutishi.

Kilichonisumbua ni rangi. Noti ya 20,000 ni ya bluu, na ya 500,000 nayo ni ya bluu. Asubuhi ya kwanza nilinunua xôi, wali wa kunata wanaoufunga kwenye jani la mgomba, nikampa mama muuzaji noti moja na kuondoka zangu. Akaniita kwa sauti. Nikajua tayari, hapa napandishiwa bei. Kumbe ananirudishia laki tano yangu! Akachukua mwenyewe noti sahihi kwenye kiganja changu, akanigonga begani kama unavyomgonga mtoto mzembe.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, Dar es Salaam. Nilikwenda Hanoi Januari 2025 kwa shughuli nyingine, nikabakiwa na siku mbili, na siku mbili hizo nikazimalizia kwenye mitaa iliyo kaskazini ya ziwa Hoàn Kiếm. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu wa duka. Anayetaka picha za ziwa, wapo wengi waliokwishaziweka.

Majina mengi ya mitaa ile yanaanza na neno Hàng, yaani bidhaa. Hàng Bạc ni fedha, Hàng Đường ni sukari, Hàng Chiếu ni mikeka, Hàng Buồm ni matanga. Mji ulifanywa makao ya mfalme mwaka 1010, na mafundi wakawa wanahamia kutoka vijijini, kila kijiji na ufundi wake, wakajipanga mtaa mmoja na kujenga nyumba ya kumuenzi mwasisi wa kazi yao. Ya masonara bado ipo Hàng Bạc. Wanasema mitaa 36 kwa mazoea tu, ukihesabu inazidi.

Kijana wetu alijua kazi yake, lazima nimpe haki yake. Alitueleza kwamba Hàng Buồm waliuza matanga kwa sababu mto ulipita jirani, kisha Wafaransa wakaufukia. Leo mtaa mzima ni pipi, biskuti na pombe. Hàng Quạt ilikuwa ya feni za mkono, sasa wanauza meza za kutambikia. Jina linabaki, bidhaa inahama. Nikamwambia hata Kariakoo yetu jina lake limetokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza, na hakuna mpagazi wa jeshi aliyebaki pale. Alilipenda hilo, akaliandika kwenye simu.

Akatuingiza pia nyumba namba 87 mtaa wa Mã Mây, iliyokarabatiwa ili watu waione. Kwa mbele ni mita 5 hivi, kwenda ndani ni mita 28. Fremu ya duka mbele, kisha ua ulio wazi juu kuingiza mwanga na hewa, kisha vyumba, kisha ua mwingine, jiko huko mwisho. Alisema zamani kodi ilifuata upana wa mbele, ndiyo maana nyumba zilirefuka kwenda nyuma kama bomba. Nilisimama kwenye ule ua wa kwanza kwa muda, mvua nyembamba ya Januari inadondokea kwenye vyungu vya maua, nikawa napiga hesabu ya fremu yangu ninayoilipia kwa miezi sita sita na haina hata dirisha.

Sasa lawama. Zilipobaki kama dakika 40, kijana akatupeleka Hàng Gai, ambayo zamani ilikuwa ya katani na siku hizi ni ya hariri. Duka moja, mlango ukafungwa nyuma yetu, chai ikaletwa. Wale wageni wenzangu walidhani ni ukarimu. Mimi nilimwona yule dada wa kaunta akimhesabia kijana vichwa vyetu kwa jicho, nikajua udalali umeshaandikwa. Sina ugomvi na dalali, hata mimi nawalipa wanaoniletea wateja. Ugomvi wangu ni kwamba tangazo lilisema matembezi ya saa tatu, halikusema saa mbili na ushee pamoja na kukalishwa dukani. Soko la Đồng Xuân, lililokuwa kwenye orodha, tukalipita nje kwa haraka. Ndiyo maana kampuni ile nimeipa nyota 3 tu. Kama wangesema mapema, ningewapa 4.

Kesho yake nikaingia mwenyewe, na hapo ndipo nilipopata thamani ya safari. Nilikuwa Hàng Thiếc kabla ya saa mbili asubuhi. Huu ndio mtaa wa bati, na umebaki wa bati kweli. Unausikia kabla hujauona: ko, ko, ko, nyundo juu ya chuma, watu wamechuchumaa kwenye vibaraza, mabomba ya moshi, ndoo na masanduku yamening'inia hadi barabarani. Nilihisi nimefika nyumbani, kasoro joto. Baridi ya Hanoi mwezi huo inaingia mifupani, na mimi nilikwenda na koti la mvua la kuazima.

Kijana alikuwa ametuonya jambo moja ambalo nashukuru kulikumbuka. Wenyewe wanaliita mở hàng, kufungua biashara. Mteja wa kwanza wa siku ndiye anayeamua bahati ya siku nzima. Ukiingia asubuhi, ukapekuapekua, ukateta bei, kisha ukaondoka mikono mitupu, umewaharibia, na wengine huchoma karatasi mlangoni kuufukuza mkosi wako. Nani wa Gerezani asiyelijua hili? Mteja wa kwanza harudishwi, hata kwa faida ya shilingi mia.

Basi nikasimama kwa mzee mmoja, nikamwonyesha kwa mikono: kisanduku, urefu huu, kifuniko kibane. Hakuchukua futi. Alipima kiganja changu kwa vidole vyake, akakwangua mistari kwenye bati kwa msumari, akakata kwa mkasi, akakunja kingo kwa nyundo ya mbao juu ya reli fupi, pembe akazipiga lehemu. Kama dakika 25, na sigara moja katikati. Akataja dong 120,000. Nilijua ni bei ya mgeni, na nilijua pia mimi ndiye wa kwanza wake. Nikalipa. Akaigusisha noti kwenye masanduku yake mawili matatu kabla ya kuitia mfukoni, na mimi nikacheka peke yangu, maana mama yangu alikuwa akifanya vilevile na noti ya kwanza kwenye genge lake.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, zikiwa zimebaki siku chache kufika Tết, mwaka mpya wao. Na hili sikulitegemea: ndani ya mitaa hiyohiyo, Hàng Lược namba 12, kuna msikiti. Unaitwa Al-Noor, uliojengwa na wafanyabiashara Waislamu wa Kihindi mwishoni mwa karne ya 19, na ndio msikiti pekee wa Hanoi. Ajabu yake ni kwamba mtaa huo ndio unaofanywa soko la maua kabla ya Tết. Nilifika kwa kujipenyeza kati ya matawi ya mpichi yenye maua ya rangi ya waridi, yaliyofungwa nyuma ya pikipiki na miti midogo ya ndimu za manjano kwenye vyungu. Ndani wapo Wapakistani, Wamalei, Waarabu, wanafunzi kutoka Afrika. Ukivuka lango unarudi kwenye kelele za kupatana bei za maua.

Chakula kwa Mwislamu kinahitaji uangalifu, kwani nguruwe yumo kwenye vyungu vingi. Tafuta neno chay kwenye kibao cha mgahawa. Hapo hakuna nyama kabisa. Kahawa ya yai, ile iliyobuniwa mwaka 1946 maziwa yalipoadimika, nilikunywa nikiwa na wasiwasi, nikaagiza ya pili. Kikombe kinaletwa ndani ya bakuli la maji moto, kiini cha yai kimepigwa na maziwa mazito ya kopo hadi kikawa kama krimu.

Barabara: vibaraza vyote ni maegesho ya pikipiki, utatembea barabarani. Ukivuka, nenda polepole mwendo uleule, usikimbie wala kurudi nyuma. Watakuzunguka. Sisi wa bodaboda tuna tabia ya kuruka, na pale kuruka ndiko kunakogongesha.

Đồng Xuân nilirudi mwenyewe jioni. Jengo asili ni la Wafaransa, likaungua mwaka 1994, likajengwa tena. Ni soko la jumla, ukigusa kitu kimoja unaulizwa unataka dazeni ngapi, na asiye na mpango wa dazeni hatazamwi mara ya pili. Sikuwalaumu. Nilipofunga begi usiku ule nilitia soksi ndani ya kisanduku cha bati ili kisibonyee. Sasa kipo dukani kwangu, ndimo chenji inamokaa, na kifuniko mpaka leo kinabana hadi kijana wangu analalamika kucha.