Kikopo cha manjano na pilipili manga kwa ajili ya magoti, tukifungue

Haya wadau karibuni, leo niko Uyole na hii baridi ya Mbeya mnaiona wenyewe, nimevaa koti mpaka ndani. Mezani nina hiki kikopo mlichonisumbua nacho inbox, ile dawa ya manjano na pilipili manga ya magoti. Nimekinunua elfu kumi na tano, lebo inasema inatibu magonjwa 40, hapo tu mi nikaguna. Namba ya usajili nimeitafuta mpaka chini ya kikopo, si ya TBS si ya Baraza la Tiba Asili, hamna.

Nafungua. Mmh, harufu ni manjano kweli, pilipili kwa mbaali inakukuna pua. Cheki kidole, hii rangi haitoki leo.

Sasa ushahidi, maana hapa ndo watu wanapigwa. Kinachofanya kazi kwenye manjano kinaitwa kurkumini na tafiti zipo, tena sio za kubeza. Thailand, 2014 ilitoka ya wagonjwa 367 wa magoti kusagika, wengine wakapewa manjano iliyokamuliwa, yaani kiini chake kilichokolezwa, miligramu 1500 kwa siku wengine ibuprofen, ile dawa ya maumivu, miligramu 1200, wiki nne, maumivu yakapungua karibu sawa, na wa manjano hawakulalamika sana tumbo. Australia 2020 watu 70, wiki 12, waliokunywa manjano wakapata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa, ila walipopiga MRI, ile picha ya ndani ya goti, maji ya gotini na gegedu (ile nyama laini inayokinga ncha za mifupa) viko vilevile. Yaani inatuliza, haijengi goti upya kama anavyotangaza yule jamaa wa spika pale stendi.

Ila sasa wale walikunywa iliyokamuliwa, sio unga! Kwenye unga wa kawaida kurkumini ni kama asilimia 3 tu. Kijiko cha chai ni kama gramu 3, piga hesabu, unapata miligramu 90. Ili ufike gramu moja ya kurkumini unahitaji vijiko kama 11 kwa siku, na lebo hii inakwambia kijiko kimoja asubuhi. Pilipili manga hapo wamepatia, India 1998 walionyesha kiini chake kinachoitwa piperini kinapandisha kurkumini kwenye damu kama mara 20, lakini humu wameweka kiasi gani? Hawajaandika.

Nilimpa mama mkubwa atumie wiki sita, goti lake la kulia linamsumbua miaka. Akaniambia ndaga fijo mwanangu, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, afadhali naamka bila kushika ukuta. Nikafurahi, halafu nikakumbuka tulimaliza kuvuna viazi wiki ileile aliyoanza, kwa hiyo hajainama shambani mwezi mzima na nusu. Sasa nani kamponya, kikopo au kupumzika?

Anayetumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse kabla ya kumuona daktari, damu inaweza kuwa nyepesi zaidi. Na kuna watu ini limewasumbua kwa vidonge vya manjano vyenye piperini, kwa hiyo macho yakigeuka njano usidhani ndo dawa imekolea, acha na wahi hospitali.

Kikopo nakipa 3 kwa 10, na hizo tatu ni za harufu. Kilichobaki mama mkubwa kakitia kwenye maharage jana usiku, nikaongeza sahani.