Kung'oa grauti na marumaru za bafuni kwa maltituli: uzoefu wangu

Mama yangu ana pumu na tunaishi naye hapa Tabata. Miaka miwili iliyopita fundi alikuja kubomoa marumaru za jikoni kwa grenda na nyundo. Kazi aliimaliza siku hiyo hiyo, lakini vumbi lilipita chini ya milango likatua kwenye vyandarua na kwenye sahani zilizokuwa ndani ya kabati. Usiku tulimkimbiza mama hospitali, hata sentensi moja haimalizi. Mwaka huu marumaru sita za bafuni zilipopasuka karibu na tundu la kutolea maji, na ukuta wa chumba chake ukaanza kuota unyevu, niliapa kwamba grenda haiwashwi tena humu ndani.

Ndipo rafiki yangu aliponitajia maltituli. Ni mashine ya kushika mkononi, umbo lake kama tochi ndefu, na bledi yake haizunguki. Inatikisika kushoto na kulia kwa pembe ya nyuzi 3 hivi, ila kwa kasi inayofika mara 20,000 kwa dakika. Asili yake ni hospitali: mwaka 1967 kampuni ya Fein ya Ujerumani ilitengeneza msumeno wa aina hii wa kukatia hogo la mtu aliyevunjika mfupa. Hogo ni gumu, linakatika. Ngozi ni laini, inacheza pamoja na meno. Kwa kazi yangu faida ilikuwa nyingine. Grenda inarusha kila inachokisaga, unga unatapakaa chumba kizima. Maltituli inauacha unga pale pale kwenye mfereji ulio kati ya marumaru, unaweza kuufuata na kuuvuta.

Niliinunua Kariakoo kwa 180,000, ya waya, wati 300. Ndani ya boksi mlikuwa na bledi ya nusu duara yenye punje za kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma) kwa ajili ya grauti, yaani ule ujazo wa saruji kati ya marumaru, pembetatu ya kusagia saruji iliyobaki, na kikwangulio.

Maandalizi yalinichukua muda kuliko nilivyodhani, na ndiyo yaliyoleta matokeo. Niliazima vakyumu ya jirani anayeosha magari, nikaiweka nje uani na kupitisha mpira wake dirishani. Chujio la vakyumu za kawaida halizuii vumbi laini kabisa. Ukiiweka ndani, inavuta huku inapuliza kule. Mdomo wa mpira niliufunga kwa selotepu kwenye shingo ya mashine, sentimita mbili hivi kutoka kwenye bledi. Mlangoni nilitundika shuka lililoloweshwa maji. Usoni nilivaa barakoa ya N95, maana saruji na grauti zina mchanga, na mchanga una silika. Chembe zake zinazoingia ndani kabisa ya mapafu hata huzioni kwa macho, na silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo la silika, haina tiba. Kitambaa cha kufunga puani hakisaidii kitu hapo.

Mara ya kwanza niliikandamiza mashine kwa nguvu. Bledi ikapata moto, ikaanza kunuka, na grauti ikang'aa badala ya kusagika. Nilipolegeza mkono na kuipeleka mbele na nyuma taratibu, kwa kasi ya kati, grauti ilianza kutoka kama unga wa muhogo na mpira ukawa unaumeza. Mfereji wa milimita 3 unataka utulivu: ukiyumba kidogo tu, punje zinakwangua rangi ya marumaru ya jirani. Mimi niliikwangua moja, na alama ipo mpaka leo.

Mama aliita kutoka chumbani: "Mwanangu, mbona nasikia mlio tu, vumbi liko wapi?"

Vumbi lilikuwepo, nisiseme uongo. Juu ya sinki palikuwa na utando mwembamba unaoweza kuandikia kwa kidole. Lakini koridoni nilipopitisha kitambaa cheupe kilirudi cheupe, na mama hakuigusa pampu yake siku nzima.

Marumaru moja ya sentimita 30 kwa 30 ilinila dakika kumi kuondoa grauti pande zote nne. Usiruke hatua hiyo. Marumaru ikishaachana na wenzake, unaipasua katikati kwa nyundo na tindo, unatoa vipande kuanzia katikati kwenda ukingoni, na za jirani hazimeguki. Mbili kati ya zangu zililia kama kopo tupu nilipozigonga. Chini yake fundi wa zamani alikuwa ameweka madonge manne tu ya saruji, na maji yalikuwa yanatembea humo. Saruji iliyobaki niliisaga kwa ile pembetatu, na hapo ndipo mashine inapochosha. Inakwenda polepole mno, na baada ya nusu saa vidole vinakufa ganzi. Kwa sebule nzima nisingeithubutu.

Gharama iliyojificha ni bledi. Duka moja liliniuzia ya "almasi", na baada ya dakika kumi punje zote zilikuwa zimepukutika, limebaki bati tupu. Ya kabaidi iliyokuja na mashine ilimaliza marumaru zote sita. Halafu angalieni tundu la bledi kabla ya kulipa: kuna mashine zenye mshiko wa Starlock na kuna zenye mshiko wa zamani, na si kila bledi inaingia kila mashine. Nendeni na bledi yenu ya zamani mkononi, mlinganishe hapo hapo kaunta. Na kabla ya kubadilisha bledi, chomoa waya ukutani.

Nimeshanunua tatu za akiba. Grauti ya ukuta wa kuogea nayo imeanza kumomonyoka, na kazi hiyo nitaifanya mwezi ujao, mama akiwa humu humu ndani.